Maandishi kuhusu muziki wa Wasukuma

Maandishi kuhusu muziki wa Wasukuma ni vitabu, makala na tasnifu zinazoeleza nyimbo, ngoma na watunzi wa kabila la Wasukuma, ambalo ni kabila kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Wasukuma wanaishi hasa katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria. Maandishi hayo yalianza wakati wa ukoloni kama taarifa fupi za watawala na watafiti wa Ulaya. Baada ya uhuru yalikua na kuwa tasnifu za wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vitabu vikubwa vya wataalamu wa muziki. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni *Sukuma Labor Songs from Western Tanzania* cha Frank Gunderson, kilichotolewa mwaka 2010.

Umuhimu wa maandishi hayo unatokana na jinsi muziki wenyewe ulivyohifadhiwa. Mtunzi wa Kisukuma hakuandika wimbo wake. Aliufundisha kwa mdomo, wafuasi wake wakaushika, na wimbo uliishi kadiri ulivyoendelea kuimbwa. Kwa hiyo, kwa nyimbo nyingi za zamani, kuandikwa au kurekodiwa ndiko kulikoamua kama zingejulikana leo au la, na kama jina la mtunzi lingebaki pamoja nazo.

## Mazingira ya muziki

Neno *sukuma* katika lugha ya Kisukuma linamaanisha kaskazini. Watu wa kusini huitwa Wadakama, kutokana na *dakama*, yaani kusini. Kata ya Tinde, katika Wilaya ya Shinyanga Vijijini, iko upande huo wa kusini, karibu na nchi ya Wanyamwezi. Ni njia panda: barabara inayotoka Nzega inagawanyika hapo, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza, nyingine ikielekea Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Kisukuma na Kinyamwezi ni lugha zinazokaribiana sana, na nyimbo zimevuka kati ya makabila hayo mawili kwa muda mrefu. Ndiyo sababu vitabu kuhusu muziki wa Wasukuma mara nyingi huwahusu Wanyamwezi pia.

Katika karne ya 20 Wasukuma wengi walihamia magharibi kutafuta ardhi ya kilimo na malisho, wakafika Geita, ambako dhahabu ilikuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1930. Ngoma zao zilihama pamoja nao.

### Manju

Mtunzi na kiongozi wa nyimbo huitwa *ningi* kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili cha Tanzania huitwa manju. Kazi yake ni kutunga maneno na sauti ya wimbo, kuwafundisha wachezaji, na kuongoza uimbaji: yeye huanza na kundi humwitikia. Nyimbo zake husifu, hukejeli wapinzani, hueleza habari za njaa, mvua, bei ya mazao na siasa, na huwaonya viongozi. Mara nyingi manju hujitaja ndani ya wimbo wake kwa jina lake, la baba yake au la kijiji chake. Kujitaja huko ndiko kulikowasaidia watafiti wengi kujua wimbo ni wa nani.

Baadhi ya watu wa ngoma wamekuwa sehemu ya historia ya mdomo ya Usukuma. Anayetajwa sana katika eneo la Shinyanga ni Ng'wanamalundi, ambaye hukumbukwa kwa uhodari wa ngoma na pia kwa visa vya nguvu za ajabu vinavyosimuliwa juu yake hadi leo.

### Vyama vya ngoma

Vyama viwili vikuu vya ngoma ni Bagika na Bagalu. Masimulizi yanasema vilianzishwa katika karne ya 19 na wacheza ngoma wawili waliokuwa wapinzani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, vyama hivyo hushindana uwanjani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huwa huru kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo mshindi. Kwa sababu hiyo manju hutafuta wimbo mpya, mtindo mpya wa kucheza, na hata dawa ya mvuto kutoka kwa waganga.

Kuna pia vyama vilivyotokana na kazi maalumu. Bayeye walikuwa wakamata nyoka na wajuzi wa dawa za sumu ya nyoka. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu. Bayege walikuwa wawindaji wa tembo. Vikundi vya kulima, vinavyojulikana kwa ngoma ya *bugobogobo*, huimba huku jembe likirushwa na kuzungushwa kwa mapigo ya ngoma. Vijana wa kijiji waliongozwa na *nsumba ntale*, na waliweza kuitwa kulima shamba la mtu kwa malipo. Wimbo uliwafanya washushe majembe kwa pamoja na uliwapunguzia uchovu.

## Maandishi ya wakati wa ukoloni

### Rekodi za kwanza

Berlin ilikuwa na hifadhi ya rekodi za sauti tangu mwaka 1900. Mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel alitumia rekodi za fonografu kuandika makala kuhusu nyimbo za Wanyamwezi, iliyotolewa mwaka 1909 katika jarida la *Anthropos*. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yaliyochambua kwa makini muziki wa Afrika Mashariki. Hata hivyo mwandishi alisikiliza rekodi akiwa Ulaya, mbali na waimbaji. Aliweza kupima sauti na mapigo, lakini hakuwa na nafasi ya kumuuliza manju alikusudia nini.

### Watawala na watafiti

Mwaka 1936, katika toleo la kwanza la jarida *Tanganyika Notes and Records*, R. de Z. Hall alichapisha makala fupi kuhusu vyama vya ngoma vya Wasukuma kama alivyoviona wilayani Maswa. Lengo lake lilikuwa kueleza jinsi vyama hivyo vilivyoendeshwa. Serikali ya kikoloni ilivifuatilia kwa kuwa viliweza kukusanya umati mkubwa na kuzua ugomvi kati ya wafuasi.

Aliyeandika mengi zaidi katika kipindi hicho ni Hans Cory, Mwaustria aliyezaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la Hans Koritschoner. Alikuwa mtafiti wa kijamii wa serikali ya Tanganyika. Anajulikana zaidi kwa vitabu vyake kuhusu sheria za mila na utawala wa watemi, kama *The Ntemi* (1951) na *Sukuma Law and Custom* (1953). Mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu Buyeye, chama cha siri cha wakamata nyoka. Cory alifariki mwaka 1962. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na watafiti wa baadaye wamezitumia kama chanzo cha historia ya Usukuma.

### Bujora

Padre David Clement, mmisionari wa shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Quebec nchini Kanada, alianza kazi Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, katika miaka ya 1950. Wasukuma walimwita Fumbuka. Aliingiza sauti na ngoma za Kisukuma katika ibada, akakusanya vifaa vya watemi na vya wacheza ngoma, na kuanzisha Makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya Bulabo, inayofanyika huko kila mwaka wakati wa sherehe ya Ekaristi mwezi Juni, ilikuwa uwanja mkubwa wa mashindano ya Bagika na Bagalu. Bujora imekuwa kituo cha kwanza kwa watafiti wengi waliofika Usukuma kuandika kuhusu muziki.

## Maandishi ya baada ya uhuru

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngoma za jadi zilitumiwa sana katika siasa. Vikundi viliitwa kutumbuiza kwenye mikutano ya chama na mapokezi ya viongozi, na Radio Tanzania ilirekodi nyimbo za makabila mbalimbali. Manju alijikuta katika hali mpya. Zamani aliwategemea watazamaji waliokuwa huru kumwacha na kuhamia kwa mpinzani wake, lakini sasa aliweza pia kuitegemea serikali.

Hali hiyo ndiyo mada ya tasnifu ya Elias Songoyi, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 1988, inayohusu msanii na dola nchini Tanzania. Songoyi aliwalinganisha waimbaji wawili: Kalikali, manju wa Kisukuma, na Mwinamila, mwimbaji wa Tabora. Kupitia nyimbo zao alichunguza tofauti kati ya msanii anayeisifu serikali na msanii anayeikosoa, na gharama ya kila njia. Tofauti na maandishi ya kikoloni, ambayo mara nyingi yalitaja "Wasukuma" kwa ujumla, tasnifu hii inamweka mtunzi mmoja mmoja mbele, pamoja na jina lake na msimamo wake. Songoyi aliandika pia kuhusu athari za biashara kwa ngoma za jadi.

## Kitabu cha Gunderson

Frank Gunderson ni mtaalamu wa muziki wa Marekani aliyefanya utafiti Usukuma katika miaka ya 1990. Tasnifu yake kuhusu vyama vya kazi na muziki ilikamilika mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Wesleyan. Mwaka 2000, pamoja na Gregory Barz, alihariri kitabu *Mashindano! Competitive Music Performance in East Africa*, kilichotolewa na Mkuki na Nyota jijini Dar es Salaam. Kitabu hicho kinaonyesha kwamba mashindano ya Bagika na Bagalu si jambo la pekee. Mashindano yanapatikana pia katika kwaya, taarabu, bendi za dansi na ngoma za pwani.

*Sukuma Labor Songs from Western Tanzania* kilitolewa na kampuni ya Brill mwaka 2010. Kina zaidi ya kurasa 500 na zaidi ya nyimbo 300. Maneno ya nyimbo yameandikwa kwa Kisukuma, yakafuatwa na tafsiri ya Kiingereza na maelezo. Mpangilio wake unafuata aina za kazi: uwindaji wa tembo, ukamataji wa nyoka, uwindaji wa nungunungu, safari za wapagazi, na hatimaye kilimo.

Maelezo yanatokana kwa sehemu kubwa na mazungumzo na waimbaji na wazee waliosikiliza nyimbo na kuzifafanua. Hilo lilikuwa la lazima kwa sababu nyimbo za Kisukuma zimejaa mafumbo. Jina la mnyama linaweza kumhusu mtemi, na jina la mto linaweza kuhusu safari ya babu wa mwimbaji. Msikilizaji asiyejua habari hizo huelewa maneno yote bila kuelewa wimbo.

Hoja kuu ya kitabu ni kwamba muziki na kazi vilibadilika pamoja. Wawindaji wa tembo walipopungua, sauti zao hazikupotea mara moja. Zilichukuliwa na wapagazi, halafu na wakulima. Kilimo cha pamba kilipopanuka katika karne ya 20, vyama vilivyokuwa vya wawindaji vilijikuta vikilima mashamba, na jembe likachukua nafasi ya mnyama katika mchezo. Kwa hiyo wimbo wa kulima unaweza kubeba ndani yake kumbukumbu ya safari ya msafara wa pembe za ndovu ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

## Vitabu vinavyosaidia kuelewa muktadha

Baadhi ya vitabu havihusu muziki wa Wasukuma moja kwa moja, lakini hueleza ulimwengu uliouzunguka:

* *Carriers of Culture* cha Stephen Rockel (2006) kinahusu wapagazi wa karne ya 19, hasa Wanyamwezi, na maisha yao njiani kati ya bara na pwani.
* *Dance and Society in Eastern Africa* cha Terence Ranger (1975) kinafuatilia ngoma ya beni na kuonyesha jinsi ngoma inavyoweza kusomwa kama chanzo cha historia.
* *Performing the Nation* cha Kelly Askew (2002) kinaeleza uhusiano wa muziki na siasa ya utamaduni nchini Tanzania.
* *I Am Just a Sukuma* cha Frans Wijsen na Ralph Tanner (2002) kinachunguza maana ya kuwa Msukuma katika dunia inayobadilika.
* *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ni riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani na Usukuma. Aliiandika kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945, lakini ilichapishwa kwa Kiswahili baada ya miaka 35 hivi.

Katika fasihi ya Kiswahili, mfano mashuhuri wa kitabu kinachomhusu mwanamuziki mmoja na mazingira yake ni *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert, kinachoeleza maisha ya mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar.

## Ulinganisho na wasifu wa watunzi wa Ulaya

Tatizo la kuandika habari za mtunzi baada ya kifo chake si la Afrika peke yake. Johann Sebastian Bach, mtunzi Mjerumani wa kipindi cha Baroko, alifariki mwaka 1750. Tanzia yake, iliyoandikwa na mwanawe Carl Philipp Emanuel pamoja na mwanafunzi wake Agricola, ilichapishwa mwaka 1754. Kitabu cha kwanza cha wasifu wake, cha Johann Nikolaus Forkel, kilitoka mwaka 1802, miaka 52 baada ya kifo chake. Forkel aliwategemea wana wa Bach waliomsimulia habari za baba yao. Philipp Spitta aliandika wasifu mkubwa wa juzuu mbili, uliotolewa kati ya miaka 1873 na 1880, ambao ulieleza pia makanisa, miji na wanamuziki waliomzunguka Bach. Mwaka 1905 Albert Schweitzer alitoa kitabu chake kuhusu Bach, kabla ya kwenda Lambaréné nchini Gabon kufanya kazi ya udaktari.

Kuna mfanano na tofauti kati ya kazi hizo na maandishi kuhusu manju wa Kisukuma. Pande zote mbili zilitumia kumbukumbu za watu waliomjua mtunzi, zikachunguza pia jamii nzima. Lakini Bach aliacha nota za muziki kwenye karatasi, zilizoweza kusomwa baada ya vizazi kadhaa. Manju aliacha wafuasi. Hata hivyo karatasi nayo haikuzuia makosa yote. Minueti inayojulikana sana na wanafunzi wa piano, iliyomo katika daftari la mke wa Bach, ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya Bach, lakini baadaye ikajulikana kuwa ya Christian Petzold.

## Matatizo ya uandishi

Lugha. Kisukuma kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Kina pia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadilisha maana. Irvine Richardson aliandika kitabu kizima kuhusu toni za Kisukuma mwaka 1959. Maneno ya wimbo yakiandikwa kwa tahajia ya kawaida, bila alama za toni na kwa irabu tano, msomaji asiyejua lugha hawezi kuyatamka sawasawa.

Sauti na mchezo. Maandishi hushika maneno vizuri kuliko mapigo ya ngoma, njuga, miondoko na kejeli za mwili. Katika mashindano mambo hayo yana uzito mkubwa, kwa kuwa ndiyo yanayovuta watazamaji.

Jina la mtunzi. Wimbo unaoandikwa kama "wimbo wa jadi" hupoteza mtunzi wake, hata kama watu wa kijijini kwake wanamjua. Suala hili lina upande wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi anayejulikana na pia inazungumzia sanaa za jadi za jamii. Kazi inayohesabiwa kuwa ya jadi haina mtu mmoja anayeweza kuidai. Kwa hiyo mtafiti anayeandika jina la manju, au anayeliacha, anagusa pia haki ya familia yake.

Kuwafikia wasomaji. Sehemu kubwa ya maandishi haya ni ya Kiingereza, na mengine ni ya Kijerumani. Yanapatikana zaidi katika maktaba za vyuo vikuu. Mwanafunzi wa sekondari wa Tinde au Geita anaweza kuwa mjukuu wa manju aliyetajwa kitabuni, na bado akategemea mtu mwingine kumtafsiria maelezo ya wimbo wa babu yake.

## Hali ya sasa

Jembe la kukokotwa na ng'ombe, na baadaye trekta, vimepunguza kazi ya vikundi vikubwa vya kulima kwa mkono. Kazi iliyozaa nyimbo nyingi imepungua, lakini nyimbo hazijaisha. Vikundi vya bugobogobo hucheza katika harusi, sherehe za kitaifa na maonyesho, na Bulabo inaendelea kuwakutanisha wachezaji. Waimbaji wapya wa Kisukuma hutunga nyimbo kwa ajili ya simu na intaneti, ambako picha na sauti huenda pamoja na jina la msanii huonekana mwanzoni. Rekodi za zamani zilizopigwa na Radio Tanzania ziko katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji Tanzania.

Kwa watafiti, kazi hizo mpya na zile za zamani zinahitaji jambo lilelile ambalo Gunderson na Songoyi walilifanya: kukaa na mwimbaji au waliomjua, kusikiliza wimbo pamoja nao, na kuandika jina lake kando ya maneno yake.

## Tazama pia

* Wasukuma
* Wanyamwezi
* Bujora
* Mkoa wa Shinyanga
* Mkoa wa Geita
* Ngoma
* Siti binti Saad
* Johann Sebastian Bach